Unataka mtoto wa mbwa wa mbegu? Mchunguze kwanza anayemuuza

Mama na mlezi, familia nyingi hapa Kambarage hufuga mbwa wa kulinda nyumba usiku. Siku hizi wengi wanataka mbwa wa mbegu, kama German Shepherd au Rottweiler, na wauzaji wapo: mnadani, barabarani na kwenye simu. Muuzaji atakusifia mbegu. Wewe uliza afya, kwa sababu mbegu nzuri haimkingi mwanao dhidi ya kichaa cha mbwa wala minyoo.

Kwa nini hili ni suala la afya ya mtoto

Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, anapong'ata, anapoparua au anapolamba kidonda. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takribani 4 kati ya kila 10 wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa mdogo naye anaweza kuwa nao.

Minyoo nayo, mtoto wa mbwa huweza kuipata kwa mama yake hata kabla ya kuzaliwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na kubaki kwenye udongo, pale pale mwanao anapotambaa na kucheza.

Mfugaji mzuri utamjuaje?

- Anakukaribisha kwake umwone mama wa watoto hao. Mama awe na afya na asiwe mkali ovyo. Banda liwe safi.
- Hauzi mtoto wa mbwa kabla hajafikisha wiki 8. Akiwa na mama na wenzake hujifunza kucheza bila kung'ata kwa nguvu.
- Ana kadi ya chanjo ya mama na ya watoto, yenye tarehe, jina la chanjo, sahihi na mhuri wa daktari wa mifugo.
- Anaweza kukuambia ametoa dawa ya minyoo lini. Kwa kawaida huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa. Ukiambiwa mtoto wa wiki 6 "ameshamaliza chanjo zote", jihadhari. Ukiambiwa utume pesa kabla hujamwona, achana naye. Kadi ikikutia shaka, muulize afisa mifugo wa kata.

Ukishamleta nyumbani

Mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo siku chache za mwanzo, upange tarehe za chanjo zilizobaki. Asizurure mtaani. Mtoto mdogo asiachwe naye peke yake. Fukia kinyesi kila siku, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula.

Mtoto aking'atwa au kuparuliwa

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15.
2. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa ya kienyeji.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa kwenu na ana kadi.
4. Ukianzishiwa chanjo, rudi kwa kila dozi. Usiache kwa sababu kidonda kimepona.
5. Mbwa asiuawe kwa hasira. Kama inawezekana bila hatari, afungiwe, na afisa mifugo apewe taarifa ili aangaliwe kwa siku 10.

Zungumza na watoto mapema, kabla mbwa hajafika. Wengine huficha mparuo kwa kuogopa kuchapwa. Mwanao ajue kwamba akisema, hatagombezwa; ataoshwa na kupelekwa kutibiwa.