Kasongo Kiswahili, Nairobi "Lingala": Jina la Muziki Lilivyohamahama

Nyangwe ni mji mdogo wa Waswahili wa bara, katika Maniema, mashariki mwa Kongo. Wafanyabiashara wa pwani walijenga kituo hapo, ukingoni mwa mto Lualaba, miaka ya 1860. Mvumbuzi Livingstone alipofika mwaka 1871 alikuta soko kubwa, na baadaye mfanyabiashara Tippu Tip akaifanya Kasongo, jirani yake, kuwa makao yake. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, yaling'oa utawala wa wafanyabiashara hao, lakini lugha ilibaki. Tangu Kasongo hadi Kabambare watu huposana, hugombana na huzikana kwa Kiswahili chao, Kingwana. Lingala, lugha nyingine ya Kongo, iliingia na askari, kisha ikaja na redio na santuri za Kinshasa.

Pamoja na hayo, mpiga gitaa wa huko akivuka Ziwa Tanganyika na kufika Nairobi, muziki wake utaitwa "Lingala", hata akiimba Kiswahili kitupu. Jina hilo lina historia, nayo inaanzia mbali, kwenye jina jingine: rumba.

Huko Kuba, rumba ni ngoma, sauti na uchezaji wa mitaa ya Havana na Matanzas. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazu ilirekodi "El Manisero" mjini New York. Wimbo ule ulikuwa wa son, mtindo mwingine wa Kikuba, lakini kwenye santuri kampuni ilichapa "rumba", na jina hilo likauza. Kuanzia 1933 santuri za Kikuba za mfululizo wa G.V. zilimwagika Afrika, "El Manisero" ikitangulia. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizisikiliza, wakazigeuza kwa magitaa yao. Wendo Kolosoy alitoa "Marie-Louise" mwaka 1948, Kabasele akaunda bendi ya African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Kwa msikilizaji wa Afrika, rumba sasa ikawa Kongo. UNESCO yenyewe imeandikisha rumba mbili: ya Kuba mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021.

Bendi zilipohamia mashariki, jina liligeuka tena. Maquis walitoka Lubumbashi wakatua Dar es Salaam mwaka 1972. Super Vox waliingia Nairobi mwaka 1974, wakajiita Super Mazembe. Tazama nyimbo zao mbili tu. "Kassongo" ya mwaka 1977 imeimbwa kwa Lingala. "Shauri Yako" imeimbwa kwa Kiswahili. Nairobi iliziweka zote kapu moja: Lingala. Tanzania nako muziki wa Kongo uliitwa "bolingo", ukitengwa na "dansi" la nyumbani. Lakini Maquis walikaa, wakatunga kwa Kiswahili, wakazoeleka, na leo nyimbo zao hupigwa katika vipindi vya zilipendwa bila mtu kuuliza walitoka wapi. Ulaya nayo iliuita muziki wa Kongo kwa jina jingine: "soukous", jina la uchezaji uliovuma Kongo mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo kufikia miaka ya 1980 maduka ya Paris na London yalikuwa yakilitumia kwa karibu kila kitu chenye gitaa la Kongo.

Mwaka 2013 mambo yalifika kilele. Mkenya Pitson alivuma kwa wimbo wa injili "Lingala ya Yesu", ulioimbwa kwa Kiswahili. Mwimbaji si Mkongo, lugha si Lingala, na hakuna aliyeshangaa. Kufikia hapo "Lingala" ilikuwa mwendo wa gitaa na kiuno tu.

Majina haya, basi, hutuambia zaidi habari za muuzaji na msikilizaji kuliko za mpigaji. Hakuna haja ya kuyafuta. Yana historia yake. Ila watangazaji, na nyinyi mnaopanga nyimbo kwenye simu, msiishie hapo. Tajeni bendi, tajeni mwaka, tajeni lugha iliyoimbwa. Wimbo wa Kiswahili wa Mkongo ni wa Kiswahili pia, na watu wa Maniema wana haki ya kuhesabiwa humo.