Saadani, Bandari ya Njia Yetu

Sisi watu wa Kilosa na Mikumi twakaa mbali na bahari, lakini maji yetu hufika huko. Mto Mkondoa upitao Kilosa, na ule wa Mkata upitao katika mbuga za Mikumi, yote miwili huingia katika Wami, nao Wami humwagika baharini kusini ya Saadani. Kwa mji huo imetujia na njia.

Saadani ilikuwa bandari ya majahazi yaliyovuka kutoka Unguja, na misafara ya bara ilishukia hapo na pembe za ndovu. Mwaka wa 1876 alifika pwani hii Alexander Mackay, Mskoti wa Rhynie katika jimbo la Aberdeen. Hakuwa kasisi, alikuwa fundi wa mitambo, aliyetumwa na chama cha C.M.S. kwenda Buganda. Akaugua njiani, akarudishwa pwani. Wala hakukaa bure: mwaka wa 1877 alikata njia kutoka Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230, kusudi magari ya ng'ombe yapunguze mizigo ya vichwani.

Magari yalishindwa. Ng'ombe wengi walikufa kwa mbung'o, na wapagazi wakaendelea kubeba kama kwanza. Hata hivyo njia ya Saadani ndiyo waliyoifuata wamisionari waliokaa Mamboya karibu mwaka wa 1880, na kutoka hapo Injili ikaenea katika Ukaguru.

Twajua kijiji alichozaliwa Mackay, twajua na siku aliyokufa huko Usambiro, 8 Februari 1890. Lakini wale waliokata miiba kwa shoka, wakazisawazisha kingo za vijito magari yapate kushuka, majina yao hayatajwi. Jambo hili halitupendezi. Mtu mmoja hawezi kufyeka maili 230.

Tulipozuru Saadani tuliona kijiji cha wavuvi, na boma la Wajerumani karibu na pwani, na nyani wengi kuliko wafanya biashara. Nchi yote kandokando imekuwa hifadhi ya wanyama. Bwana Heri bin Juma, mtawala wa mji, alipigana na Wajerumani, nao wakaupiga mji kwa mizinga mwaka wa 1889. Kisha ikaja reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka wa 1907, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Reli iliyoikuza Kilosa ndiyo iliyoinyang'anya Saadani misafara yake.

Basi ninyi walimu, waulizeni wazee wa Mamboya na Berega kama wamesikia kwa baba zao habari za waliofanya kazi katika njia ile, au waliochukua mizigo ya misheni. Jina lo lote litakalopatikana liandikwe katika daftari la kanisa, pamoja na kijiji chake.