Nyanya Yako Alizaliwa Wapi?

Februari 1968, uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa Wahindi wa Kenya. Walikuwa wanashindana na sheria. Pasipoti walizoshika zilikuwa za Uingereza, halali kabisa, ila kule London mawaziri walikuwa wanajadili jinsi ya kuwafungia mlango.

Sheria ya 1948 ilikuwa imewapa Waingereza na watu wa makoloni uraia mmoja. Baada ya uhuru, Kenya iliwapa Wahindi ambao hawakuwa raia moja kwa moja miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi hawakuomba. Mwaka 1967 ikawataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, basi wakaanza kufunga mizigo.

George Thomson, waziri wa Jumuiya ya Madola, aliwaonya wenzake kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. James Callaghan wa mambo ya ndani akashinda. Bunge lilipitisha mswada kwa siku tatu tu. Kuanzia Machi, mwenye mzazi, babu au nyanya aliyezaliwa Uingereza angepita. Wengine wangoje vocha.

Neno “rangi” halikuandikwa. Halikuhitajika. Mlowezi wa Nanyuki alikuwa na nyanya kule. Nyanya ya fundi cherehani wa Ngara alizaliwa Gujarat.

Sheria ya 1981 iliwaita waliobaki “raia wa Uingereza wa ng'ambo”: jina wanalo, haki ya kuingia hawana. Ni sheria ya 2002 iliyowaruhusu wasio na uraia mwingine kuomba ule kamili.

Miaka 34. Mtoto aliyebebwa Embakasi siku zile sasa angeweza kuwa na watoto wake.