Mkoba wa kiti cha baiskeli kwa safari za Migori na Homa Bay

Mkoba wa kiti ni mfuko unaoning'inia nyuma ya kiti cha baiskeli, ukishikwa na reli za kiti na bomba lililokibeba. Mikoba mingi ya aina hii haihitaji keria. Msafiri anayelala njiani huweka humo nguo, mfuko wa kulalia, chandarua na vitu vingine vinavyochukua nafasi kubwa bila kuwa na uzito. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini magharibi mwa Kenya, mkoba huu umeikuta desturi kongwe ya kubeba mizigo kwa baiskeli, na anayeuchagua kwa safari za huko atafaidika akiitazama desturi hiyo kwanza.

Msingi wa desturi hiyo ni keria. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma inayojulikana nchi nzima, imebeba kwa miongo mingi mitungi ya maji, magunia ya makaa, omena kutoka fukwe za ziwa, na watu. Keria yake huimarishwa kwa vyuma vya kuchomelea, na mzigo hufungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, ambavyo huvutika, hung'ang'ania na havitelezi. Pikipiki zimeichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini mafundi wa keria bado wapo. Uzito uliofungwa juu ya keria hupitia kwenye vyuma hadi kwenye ekseli. Uzito wa mkoba wa kiti huning'inia hewani kwa mikanda, na hapo ndipo matatizo yake karibu yote yanapoanzia.

Mikoba ya kiti ina maumbo mawili makuu. La kwanza ni pana, hulala mkingamo nyuma ya kiti, na ni la asili ya Uingereza. Kampuni ya Carradice, iliyoanzishwa mwaka 1932 na yenye karakana yake Nelson, Lancashire, bado hushona mikoba ya turubai la pamba ambayo nyuzi zake hufura zikilowa na kuzuia maji kupenya. Mkoba wake uitwao Nelson Longflap hubeba lita 18. Umbo la pili ni refu na lililochongoka kuelekea kitini. Lilienea katika miaka ya 2000 kupitia karakana ndogo za Marekani, mojawapo ikiwa ya Alaska ambayo leo huitwa Revelate Designs. Mikoba hii ya kisasa huwa na ujazo wa lita 5 hadi 17 hivi, na mingi haipaswi kutiwa zaidi ya kilo 3 hadi 5.

Kiwango hicho cha uzito hupuuzwa sana, na barabara za hapa hazimsamehe anayekipuuza. Lami ya A1 kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo haina taabu kwa mkoba, ingawa malori na trela za miwa humtaka mpanda baiskeli awe macho. Ukiiacha lami kuelekea Nyatike, au ukitafuta njia za nyuma kati ya Ndhiwa na Bonde la Lambwe, unaingia kwenye changarawe yenye mawimbi na mawe. Thimlich Ohinga, ngome za mawe zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ziko kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Katika njia za namna hiyo mkoba mrefu uliojazwa vitu vizito hutikisika kushoto na kulia kila mpandaji anaposimama kwenye pedali, mikanda hulegea, na mwishowe mkia wa mkoba hugusa tairi. Kwa hiyo maji, vyakula vya mikebe, pampu na spana vikae katikati ya fremu au kwenye foku, navyo vyepesi viende nyuma.

Nafasi kati ya kiti na tairi ipimwe kabla ya kulipa hata shilingi moja. Mpandaji akae, baiskeli ikanyage ardhi, na kipimo kichukuliwe kutoka kwenye reli za kiti hadi juu ya tairi. Kwa mkoba mrefu, pungufu ya sentimita 15 ni hatari, hasa kwenye baiskeli yenye springi ya nyuma. Wapandaji wafupi huumia zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa kiti chao hukaa chini huku magurudumu yakiwa na ukubwa uleule. Kwao keria nyepesi yenye mikoba miwili ya pembeni ni chaguo bora, wala si la kuonewa haya. Mkoba mpana wa turubai uliokalia keria pia hutulia vizuri.

Kuhusu hali ya hewa, mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kando ya ziwa dhoruba ya alasiri inaweza kumkuta mtu hata nje ya miezi hiyo. Mkoba ulioungwa kwa joto, wenye mdomo wa kukunja mara tatu, huzuia maji ya juu na yale yanayorushwa na gurudumu. Mkoba ulioshonwa kwa uzi huvuja mishononi usipotiwa kinga. Zipu haifai: vumbi jekundu la kiangazi huisaga meno, kisha tope humaliza kazi. Kwenye udongo mweusi wa nyanda za chini, tope hujaa kati ya tairi na mkoba hadi gurudumu likakataa kuzunguka, hivyo madigadi fupi chini ya mkoba ina thamani kubwa. Mgeni asitegemee mifuko ya plastiki ya dukani kufungia nguo, kwani Kenya imeipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Rangi nayo ina uzito wake hapa kuliko wauzaji wanavyodhani. Bonde la Lambwe, lilipo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, ni makazi ya mbung'o, na lina historia ya ugonjwa wa malale. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na huvifuata vitu vinavyokwenda. Mikoba mingi ya kisasa ni myeusi. Kwa anayepita Lambwe, kijivu au rangi ya udongo ni bora, kwenye mkoba na kwenye mavazi vilevile.

Jambo la mwisho ni matengenezo, na kwa maoni ya mwandishi ndilo linalopaswa kuamua panapokuwa na mikoba miwili inayokaribiana. Turubai likichanika, fundi viatu wa Oyugis au Mbita atalishona kwa sindano na uzi wa naironi mteja akisubiri. Kitambaa kilichoungwa kwa joto huhitaji kiraka na gundi maalumu, ambavyo msafiri lazima avibebe. Kibano cha plastiki kikivunjika hakina mbadala sokoni, ilhali mkanda wenye bizimu ya chuma hurekebishika popote. Vipande viwili vya tyubu visikosekane: kimoja hukazwa kuzunguka mkoba uache kuyumba, kingine huvishwa kwenye bomba la kiti pale mkanda unapopita, kwa sababu mkanda wenye tope hukwangua rangi, na bomba la kaboni hulidhoofisha kabisa.