Fimbo au Muda? Malezi ya Imani katika Nyumba ya Susanna Wesley

Wakristo wanaotetea malezi makali humtaja mara nyingi Susanna Wesley (1669–1742), mama wa John na Charles, waasisi wa Umethodisti, madhehebu yaliyofika Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862. Wana cha kushikilia. Katika barua aliyomwandikia John mwezi Julai 1732, Susanna alisema kwamba mzazi sharti kwanza aishinde nia ya mtoto na kumzoeza kutii. Wanawe walipofikisha mwaka mmoja, wengine hata kabla, walifunzwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Mama alipofariki, John aliichapisha barua hiyo katika Shajara yake, na sifa ya ukali ikaenea pamoja nayo.

Makala hii inadai kwamba ukali haukuwa nguzo ya malezi yale. Nguzo ilikuwa muda ambao mama alimtengea kila mtoto peke yake.

Susanna alizaa watoto 19, na 10 tu ndio waliovuka utoto. Mumewe Samuel, kasisi wa Kianglikana huko Epworth, Uingereza, aliwahi kufungwa kwa madeni mwaka 1705, na mwaka 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto. Katika hali hiyo Susanna aliendesha shule ya nyumbani, kwa muda wa saa tatu asubuhi na saa tatu nyingine alasiri. Baadaye, Samuel akiwa London, Susanna alisoma habari za wamisionari wa Denmark waliokuwa Tranquebar, kusini mwa India. Bidii yao ilimgusa, akaamua kuanza na wale waliokuwa mikononi mwake. Barua yake ya Februari 1712 inaeleza ratiba: kila jioni, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, aliketi na mtoto mmoja kuzungumza naye mambo ya roho. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Alhamisi ya Jacky, yaani John, aliyekuwa na miaka 8. Jumamosi ilikuwa ya Charles, mtoto wa miaka 4.

Anayepinga atasema kwamba bila utii mazungumzo hayo yasingewezekana, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli kwamba nyumba yenye watoto wengi inahitaji utaratibu. Lakini utaratibu ni jambo moja, na kuvunja nia ya mtoto ni jingine. Imani ya Kikristo hudai itikio la mtu mwenyewe mbele za Mungu, na fimbo haiwezi kuitikia kwa niaba yake. Utii wa woga hukoma anayeogopwa akishaondoka. Mtoto aliyesikilizwa, kinyume chake, hujifunza kwamba maswali yake yana nafasi mbele ya mama, na kwa hiyo hata mbele za Mungu. John mwenyewe ni shahidi. Mapema mwaka 1732, akiwa na miaka 28 na mwalimu huko Oxford, alimwomba mama yake ampe tena sehemu ndogo ya ile jioni ya Alhamisi, safari hii kwa kumkumbuka katika maombi. Hicho ndicho alichokikosa ukubwani.

Tukikubali hoja hii, hatuwezi kumtwika mama mzigo mpya na kuondoka. Susanna alikuwa na watumishi wa nyumbani. Mama anayeondoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku kumpokea mtoto kwa dada wa kazi hana jioni sita za kugawa. Na jioni chache alizo nazo, sisi wenyewe tunazijaza: kwaya leo, jumuiya kesho, kamati keshokutwa, mkesha Ijumaa. Usharika unaothamini imani ya watoto ufute ratiba zake angalau jioni moja kila wiki, na uwafunze akina baba kwamba kuketi na mtoto na kumsikiliza ni huduma iliyo wajibu wao pia. Malezi ya imani ni kazi ya kanisa zima, na kazi hiyo hudai muda ambao kanisa lenyewe lina uwezo wa kuurudisha nyumbani.