Jina Kabla ya Nishani: Wajibu wa Kupendekeza Wanafunzi na Watafiti wa Elimu ya Anga

Mijadala kuhusu tuzo za sayansi karibu kila mara huanzia mezani kwa waamuzi: nani alikaa kwenye jopo, vigezo vilikuwa vipi, mshindi alistahili au hakustahili. Makala haya yanarudi hatua moja nyuma. Ninadai kwamba katika elimu ya anga tuzo huamuliwa kwa sehemu kubwa siku jina linapoandikwa na kutumwa. Mahali kama Ruhuwiko, kata ya Manispaa ya Songea ulipo uwanja wa ndege wa mji huo, pana vipaji na pana anga la kutosha. Kinachokosekana ni mtu ambaye kuandika jina hilo ni sehemu ya ajira yake. Kwa hiyo kupendekeza kuhesabiwe kuwa kazi ya mwalimu, ya mhadhiri na ya ofisi ya elimu, kazi yenye kumbukumbu na ambayo mtu anaweza kuulizwa ameifanyaje. Kwa sasa ni hisani tu ya mwenye moyo, na hisani haina ratiba.

Tazama jinsi milango ilivyopangwa. Tuzo ya Nobel ya fizikia, ambayo wanafalaki kadhaa wameipata, haipokei mtu anayejipendekeza. Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden huwaalika wapendekezaji: wajumbe wake, washindi wa zamani, maprofesa wa nchi za Skandinavia na wa vyuo vinavyoteuliwa kwingineko. Mlango hufungwa tarehe 31 Januari, na majina hubaki siri kwa miaka 50. TWAS, akademia iliyoanzishwa mwaka 1983 huko Trieste chini ya Abdus Salam kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, nayo haikubali mtu ajipendekeze. Nia ni njema, maana ushahidi wa mwingine una uzito kuliko wa mhusika. Ila mpango huu una athari isiyoonekana katika orodha yoyote ya washindi: asiyependekezwa hahesabiwi hata miongoni mwa walioshindwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Henrietta Leavitt wa Harvard, aliyeonyesha mwaka 1912 kwamba nyota za aina ya Sefeidi hung'aa kwa kadiri inayolingana na muda wa mizunguko yao ya kufifia na kuwaka. Edwin Hubble aliutumia uhusiano huo kupima umbali wa galaksi. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, aliandika barua kwa nia ya kumpendekeza Leavitt kwa Nobel. Leavitt alikuwa amefariki Desemba 1921, na Nobel haipendekezewi marehemu. Barua ilikuwepo, hoja ilikuwepo, aliyestahili alikuwepo. Vitatu hivyo havikukutana kwa wakati. Nishani ya Dhahabu ya Royal Astronomical Society ya Uingereza nayo alipewa Caroline Herschel mwaka 1828, na mwanamke aliyefuata ni Vera Rubin, mwaka 1996. Miaka 168 ni mirefu mno kuelezwa kwa upungufu wa wanawake wenye sifa.

Afrika Mashariki ina funzo lake. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Uchunguzi wake ni sehemu ya kazi iliyompatia Riccardo Giacconi Nobel mwaka 2002. Pwani yetu ilitoa mahali na jina. Chombo kilikuwa cha Wamarekani na jukwaa la Waitaliano. Kuwa jirani na tukio kubwa hakumfikishi mtu kwenye orodha ya wapendekezwa, asipokuwa na kazi iliyoandikwa kwa jina lake.

Kinachoweza kumfikisha tunakijua kutokana na kisa cha hapa hapa Tanzania, ingawa si cha elimu ya anga. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wayaweke kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu. Mpemba, kwa kuhofia kuikosa, aliyaweka ya kwake yangali ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, ambako darasa lililigeuza jina lake kuwa mzaha, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka tena. Osborne aliporudi chuoni alihakikisha jaribio linafanywa, na mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia. Chanzo cha jambo lenyewe kinabishaniwa hadi leo; mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ilipotangaza shindano la kulieleza ilipokea majibu yapatayo 22,000. Hilo halipunguzi alichofanya Osborne. Alisikiliza, akapima, akaandika, na alipoandika akamweka kijana mbele. Kila hatua ilimhitaji mtu mwenye maabara na anwani inayojulikana na wahariri. Mwalimu wa kwanza na mhadhiri huyu walisikia swali lile lile kutoka kwa kijana yule yule, na tofauti ya matokeo ilitoka kwao, haikutoka kwa Mpemba.

Tukirudi Ruhuwiko, tuulize ni kazi gani ya anga ambayo mwanafunzi wa huko anaweza kuifanya ikastahili barua. Songea iko takriban nyuzi 10.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Februari na karibu na tarehe 21 Oktoba. Mwanafunzi akisimamisha fimbo kwa timazi katika uwanja wa shule, ataona kivuli chake kikifupika mpaka kitoweke. Akiwa na saa sahihi ataona la ajabu zaidi: Februari kivuli hutoweka yapata saa 6:51 mchana, Oktoba yapata saa 6:22. Karibu nusu saa hiyo inatokana na njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, pamoja na mwinamo wa mhimili wake. Vifaa ni fimbo, uzi wenye jiwe na daftari. Vilevile, tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa jua kulikoacha pete ya mwanga kulifikia kilele mashariki ya Songea, nyuzi 10.7 kusini na 37.8 mashariki, saa 6:07 mchana, na pete ilidumu dakika 3 na sekunde 6. Songea ilikuwa nje ya ukanda wa pete, ikaona jua lililomegwa sehemu kubwa. Chini ya mwembe, siku kama hiyo, kila upenyo kati ya majani hudondosha ardhini taswira ya jua lenye umbo la hilali, na anayepima muda wa kumegwa kuanzia mwanzo hadi mwisho anakusanya takwimu halali. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alijitolea kuueleza umma tukio lile, na anastahili shukrani. Ila mtu mmoja wa Dar es Salaam hawezi kuwa shahidi wa daftari za mkoa mzima. Elimu ya awali ya falaki imekuwamo katika fizikia ya kidato cha nne, mwaka ule ule ambao shule nzima inawaza mtihani wa taifa. Mwenye daftari la vipimo vya mwaka mzima hana namna ya kujua thamani yake asipoambiwa na ajuaye.

Pingamizi la kwanza wahenga walilitunga zamani: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika sayansi dai hili limepimwa. Waliokuwa wakigawa muda wa darubini ya anga ya Hubble waligundua kwamba, katika duru zote walizochunguza, maombi yaliyoongozwa na wanaume yalikubaliwa kwa kiwango kikubwa kuliko ya wanawake. Mwaka 2018 walificha majina pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza wanawake walitangulia, asilimia 8.7 kwa 8.0. Tofauti ni ndogo, na duru moja haitoshi kujenga kanuni, lakini inadhihirisha kwamba kizuri kilikuwa kikiuzwa pia na jina lililokuwa juu ya karatasi. Tena dawa hiyo ya kuficha majina humsaidia yule tu ambaye ombi lake limekwisha kufika mezani.

Wengine watasema basi kila mtu ajipendekeze. Katika uandishi njia hiyo inafaa: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa miaka ya karibuni, hupokea mswada kutoka kwa mwandishi mwenyewe, na mswada unajitosheleza. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, nayo yanamfaa mwenye kifaa cha kuonyesha. Kipimo cha kivuli hakiko hivyo. Thamani yake inategemea mtu wa pili anayethibitisha kwamba fimbo ilikuwa wima, saa ilisahihishwa na daftari halikujazwa usiku wa kuamkia maonyesho. Ushahidi huo hauhitaji mwanafalaki, jambo linalojibu pia hofu kwamba Tanzania ina wanafalaki wachache mno. Mwalimu wa fizikia au jiografia anautoa kikamilifu. Kwa watafiti waliokwisha kubobea, milango ya karibu ipo. Jumuiya ya Astronomia ya Afrika ilihuishwa Cape Town mwaka 2019, mtandao wa wanawake wanaastronomia wa Afrika ulianzishwa 2020 na una tuzo zake, na mwaka 2024 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Idara ya chuo kikuu isiyotuma jina hata moja huko kwa miaka mfululizo inapaswa kulieleza baraza lake sababu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la upendeleo na mzigo. Wajibu ukiandikwa, mkuu wa shule anaweza kumtuma mtoto wa jamaa yake, na mwalimu mwenye darasa lililofurika akanakili barua ya mwaka jana. Hatari hizi ni za kweli, na tiba yake ni ushahidi kutangulia jina. Shule iwe na rejesta ya kazi za uchunguzi, kila ukurasa ukiwa na tarehe na saini ya mwalimu aliyeshuhudia. Barua isikubaliwe bila nakala ya kurasa hizo. Mwanafunzi asiye na mtu akiwa na kurasa 12, na mwenye mjomba ofisini akiwa na mbili, jopo halitahitaji kuambiwa kitu. Kuhusu mzigo, walimu tayari hujaza kazi zao katika PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Kushuhudia na kupendekeza kuingizwe humo, kuhesabiwe. Ofisi ya elimu sekondari ya Manispaa ya Songea inaweza kuanza na shule za kata moja bila kusubiri waraka kutoka Dodoma, na barua ziandikwe kabla ya Novemba, kwa sababu kidato cha nne wakishamaliza mtihani hutawanyika Namtumbo, Mbinga na Tunduru, na kuwapata tena si rahisi.