Kwenye Kaseti, Kabaka Anatangulia

Ukipiga rock kwa sauti hapa Loresho, swali huwa lile lile: hiyo si ngoma ya wazungu? Hata enzi za XFM pale 105.5, shabiki wa rock alionekana kama mtu wa kuiga. Jibu langu ni kaseti. Kaseti ya dakika 90 inabeba 45 kila upande, kwa hivyo huwezi kutia kila kitu. Lazima uchague ngoma, halafu uamue ipi inatangulia ipi. Hapo ndipo historia inaingia.

Upande A unaanza na "Helule Helule". Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliitoa na ikaingia kwenye 20 bora za huko. Lakini mtunzi ni Daudi Kabaka, yule wa "Msichana wa Elimu", mtu wa Equator Sound ya hapa Nairobi. Basi weka Kabaka kwanza, Tremeloes wafuate. Ukigeuza, anayesikiliza bila kujua ataapa kwamba Kabaka ndiye aliyeiga.

Baada yao, Queen, "Bohemian Rhapsody", 1975. Hiyo kila mtu anaijua. Si wote wanaojua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza 1964, mwaka wa mapinduzi. Sisemi Queen ni yetu. Nasema tu ramani ya rock ni pana kuliko tulivyoambiwa.

Upande B ni wa Black Savage. Wakati Queen wanavuma, hawa vijana wa Nairobi walikuwa studio na magitaa yao ya umeme. Albamu yao, "Something for Someone", ni ya 1976. Mmoja wao aliitwa Job Seda. Bendi hiyo pia ilirekodi "Kothbiro", yaani mvua inakuja, kwa Dholuo.

Fuata hiyo ngoma moja tu. Seda alipitia African Heritage Band, akaenda Uingereza na nyatiti yake, akajiita Ayub Ogada. Mwaka 1993 akairudia "Kothbiro" kwa utulivu kwenye albamu "En Mana Kuoyo". Mwaka 2005 ikasikika kwenye filamu ya The Constant Gardener. Halafu 2018 Kanye West akachukua kipande cha ile ya Black Savage, akakitia kwenye "Yikes". Ogada alifariki mwaka uliofuata. Wasee wengi wa rika langu walianza na Kanye, na wengine wakaishia hapo hapo.

Kwenye "Yikes", Ogada na James Mbarack Achieng wametajwa kama watunzi. Kujua hivyo kuna maana, kwa sababu anayetajwa ndiye anayeweza kudai chake. Kaseti za kunakili zilisambaza muziki wetu kila kona, lakini ngoma ikishanakiliwa mara tatu, jina la mwenyewe linabaki njiani. Miksi za simu zinafanya vivyo hivyo leo.

Kwa hivyo ukitengeneza yako, hata kama ni orodha kwa simu, andika mtunzi, bendi na mwaka. Ukikwama, teremka Kangemi, panda mat hadi tao, uingie Melodica pale Tom Mboya Street. Uliza santuri za miaka ya 70. Kisha rudi upange upya: nani alitangulia?